Msomaji wa Khati Zetu London

Sheikh Yahya Ali Omar alizaliwa Mombasa mwaka 1924, akafariki hapa London mwaka 2008. Ni rahisi kumkumbuka kama mzee mwema aliyewasaidia watafiti wa SOAS, chuo kinachohifadhi miswada mingi ya Kiswahili. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini haimtoshi. Sheikh Yahya alikuwa mwanachuoni, na kumbukumbu ya haki ni kumhesabu miongoni mwa waandishi wa elimu ya lugha yetu.

Tazameni kazi yenyewe ya kuisoma miswada hiyo. Katika khati za Kiarabu za zamani, herufi ba iliweza kubeba b, p au mb, na irabu i na e zikatumia alama moja ya kasra. Kwa hiyo maneno "bibi" na "pembe" yanaweza kuandikwa sawasawa. Kuijua alifu na be hakumtoshi msomaji wa khati hizo. Lazima aijue lugha, ajue mizani na vina, na ajue mshairi wa Mvita, yaani Mombasa, angesema nini mahali pale. Kila neno aliloliamua Sheikh lilikuwa hukumu ya mtaalamu. Isitoshe, aliandika. Pamoja na mtafiti P. J. L. Frankl alitoa maandishi juu ya Kimvita, yakiwemo mapendekezo ya mwaka 1997 ya kuziboresha khati hizo ziweze kuzipambanua sauti za Kiswahili.

Wako watakaosema kwamba elimu ya Mombasa ilipelekwa kwa wageni. Uchungu huo naufahamu, wala siudharau. Lakini karatasi nyingi za miswada hiyo, zikiwemo za mmishonari W. E. Taylor, zilikuwa zimekwisha kutoka Pwani kabla ya wakati wa Sheikh Yahya. Bila Mswahili wa kuzisoma, zingebaki kwa wageni na bado zisieleweke, hasara juu ya hasara. Wengine watasema mzee huombewa dua na kusomewa khitma, na kwamba kulitafutia jina lake nafasi katika vitabu ni mambo ya dunia. Dua ni haki yake. Hata hivyo masheikh wetu wenyewe ndio waliotufundisha kuuliza elimu hii imepokewa kwa nani, na aliyeikata silsila ya walimu hakumheshimu mwalimu.

Tumekwisha kuona hasara ya kutouliza. Diwani ya mshairi Muyaka ilichapishwa mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens, na msingi wake ni mashairi ambayo Taylor aliyakusanya Mombasa kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Muyaka anasomwa hadi leo, lakini Mwalimu Sikujua hutajwa kana kwamba kazi yake ilikuwa kumshikia mgeni taa. Nachelea Sheikh Yahya asije akawekwa kando vivyo hivyo, naye ni wa juzi tu. Kwa hiyo nawaomba walimu wa Kiswahili wa Mombasa, Lamu na Zanzibar: mnapowafundisha wanafunzi mashairi ya kale, wafundisheni pia nani aliyeyasoma katika khati, na maandishi ya Sheikh Yahya muyatie katika orodha ya vitabu vya lazima.