Diski ya Tatu

Jumatatu, 27 Januari 2025
Stima ilipotea saa tisa usiku, ikarudi, ikapotea tena. Asubuhi diski ya tatu ina taa ya rangi ya chungwa. Haipepesi, imetulia tu. Zile nyingine tatu zimewasha kialama cheupe kwenye kitufe: usinitoe. Safu ya RAID 5 husamehe diski moja tu, na msamaha tumeshautumia.
Na wiki yenyewe hii! Pakihausi ya maua wanakesha na waridi la Valentine, kila boksi lebo yake inatoka kwenye seva hii, ProLiant ya Gen8. Nimenakili data yote kwenye diski ya nje. Nimeenda nayo nyumbani.

Jumanne, 28
Simu kutwa. Nakuru: "Tuko na SSD, mkubwa." SATA zote. Tundu la seva lingezikubali, ndiyo, lakini kontrola haichanganyi SATA na SAS kwenye safu moja. Nataka SAS, gigabaiti 300, mizunguko 10,000 kwa dakika. Mmoja kaniuliza kama ni ya laptopu.
Mpya ipo, ya kuagiza. Wiki kadhaa. Meneja kaitazama bei, kaitazama tena: "Si ni kakitu kadogo tu?" Kadogo, ndiyo. Kanaenea kiganjani.

Alhamisi, 30
Nairobi, barabara ya Luthuli. Matatu ya alfajiri, Kinungi ukungu mtupu. Duka la ghorofani, diski za mtumba zimejazwa kwenye kreti ya soda. Ya kwanza niliyoshika: lebo safi, bei nzuri mno. Kijana wa duka kaniwahi: "Hiyo usibebe, mkubwa. Ilikuwa kwa storeji, sekta zake ni za baiti 520. Kontrola yako inataka 512." Angeweza kunyamaza akachukua pesa.
Kachomeka nyingine, kanisomea masaa yake: 41,000 na ushee. Karibu miaka mitano ya kuzunguka. Sekta mbovu, sifuri. Nimechukua mbili, M-Pesa, garantii ya mdomo.

Ijumaa, 31, usiku
Nimengoja zamu ipungue. Kidole juu ya ile yenye chungwa, nikahakikisha tena. Vuta. Sukuma. Klik. Kijani kinapepesa: inajengwa upya.
Hapa ndipo roho inaniruka zaidi. Zile tatu nzee sasa zinasomwa mwanzo hadi mwisho, na zilinunuliwa pamoja, umri mmoja. Ikikohoa moja tu... Siandiki.
Asilimia 12. Chai. 31. Mama wa lebo kapita: "Kijana, wewe hulali?" 58.

Jumamosi, 1 Februari
Imekamilika! Vialama vyeupe vimezima vyote. Nimecheka peke yangu mle ndani.
Meneja kaingia saa tatu, kafurahi kweli: "Kwa hivyo ile seva mpya uliyoomba tuitoe kwa bajeti?"
Mungu wangu. Nikishindwa kuitengeneza, mimi mbaya. Nikiweza, nimejinyima mpya.
Diski ya akiba nimeifungia kabatini. Jumatatu namletea karatasi: masaa ya kila diski, moja moja. Ya kwanza imepita 100,000. Asipoielewa hiyo, nitamwandikia kwa miaka: kumi na moja na zaidi, bila likizo. Aniambie ni mfanyakazi gani wake mwingine yuko hivyo.