Bibi Kasema Hivi, Mimi Nikasema Vile

Mnisamehe kwa kimya, wasomaji wangu. Nilikuwa Kilwa, na tangu nirudi nimekuwa nikiizungukazunguka habari hii. Toleo moja limeshatoka gazetini: bahari ya buluu, magofu, pweza wa nazi, picha nne. Hiyo ndiyo niliyotumwa. Hii ya leo ndiyo iliyonibaki kooni.

Kwanza nikiri: mimi mtoto wa Dodoma. Maji mengi niliyoyazoea utotoni ni ya ndoo. Bahari nimeijua ukubwani, pale Coco Beach, suruali imekunjwa magotini na muhogo wa kukaanga mkononi. Kuogelea sijui mpaka leo. Sasa kampuni moja ya utalii (sitaitaja) ikamwambia mhariri wangu alete mwandishi, bure, kwenye safari yao mpya: siku nne za kupiga kafi kwenye kayaki, kulala kisiwani, kula chakula cha wenyeji na kutembea kwenye magofu. Mhariri akanitazama. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Bure jamani!

Kwa asiyeijua, kayaki ni chombo cha Wainuiti, watu wa kule kwenye barafu, waliokiunda kwa ngozi ya sili ili wawindie baharini. Zetu zilikuwa za plastiki, rangi ya chungwa. Mzee mmoja aliyekuwa akikalafati mashua yake ufukweni Kilwa Masoko alizitazama sana, kisha akauliza, "Tanga lake liko wapi?" Nikamwambia halina. Akatikisa kichwa, akaendelea na kazi yake.

Tulikuwa Waholanzi watano na mimi, pamoja na kiongozi wetu, kijana wa Kisiwani, mtoto wa mvuvi. Huyu kaka hakuwa akiangalia simu kujua saa za maji. Mwezi ulikuwa mpevu, akasema ni bamvua, maji yatajaa sana na kupwa sana, na mkondo hautakuwa na mchezo. Tukavuka alipotuambia tuvuke. Kutoka Masoko hadi Kilwa Kisiwani ni kama kilomita mbili tu, lakini ndani ya kayaki unakaa chini kiasi kwamba hata wimbi dogo linakutazama usoni. Gereza, ile ngome iliyo karibu na maji, nililiona likikua taratibu huku mikono ikiniwaka moto.

Ukifika pale unaelewa kwa nini Ibn Battuta, aliyepita mwaka 1331, aliusifu mji huo. Msikiti Mkuu una kuba na matao ya mawe ya matumbawe, na ukiingia ndani sauti yako mwenyewe inakutia adabu. Lakini mimi iliyonikaa zaidi ni hadithi aliyotusimulia kiongozi jioni ile: kwamba Mshirazi aliyekuja na majahazi yake alikinunua kisiwa kwa nguo, nguo ya kutosha kukizunguka chote. Kisha akachimba mkondo ili aliyemuuzia asiweze kurudi kwa miguu maji yakipwa. Mholanzi mmoja akasema huo ni ujanja. Nikawaza, angalau yule alilipa kwanza.

Usiku tukala kwa bibi mmoja pale kijijini. Kwenye karatasi ya kampuni imeandikwa "chakula cha jioni na familia ya wenyeji", ila familia yenyewe haikula nasi, ilisimama mlangoni kututazama. Wali wa nazi, pweza aliyeungwa kwa tui zito, kachumbari ya embe bichi, mkate wa kumimina. Sijawahi kula pweza laini vile, na nimekula pweza wengi wa Forodhani. Dada mmoja wa Kiholanzi akataka kujua siri yake. Kiongozi alikuwa ufukweni akizipandisha kayaki juu, hivyo kutafsiri ikawa kazi yangu.

Bibi akaeleza vizuri. Bamvua likipwa, wanawake wanakwenda mbali mwambani kuchokoa pweza kwenye mashimo yake. Anapigwa kwa mti mpaka alegee, ndipo anaingia chunguni. Nikatafsiri yote. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya mapishi:

"Mjukuu wangu, waambie wageni wako kwamba hela ya vikundi vitatu vilivyopita sijalipwa. Mchele na nazi nimekopa dukani."

Dada yule akauliza, "Anasemaje?"

Nikasema, "Anasema amefurahi sana. Karibuni tena."

Wakapiga makofi.

Bibi akashangaa. "Mbona wanapiga makofi? Wanasemaje?"

Nikamwambia, "Wanasema wamesikia, bibi."

Nilipogeuka nikamwona kiongozi amesimama kizani, kafi begani. Kiingereza anakijua kuliko mimi. Hakusema kitu.

Usiku ule hemani nikapiga hesabu. Sahani moja ni shilingi 6,000. Sahani 30 kwa vikundi vitatu, shilingi 180,000, haifiki hata dola 80. Kila Mholanzi alikuwa ametoa dola 480. Mimi nilikuwa nimetoa sifuri, na nadhani hapo ndipo ulimi wangu ulipofungwa. Ningependa kusema niliogopa kuwaharibia wageni jioni yao. Ukweli ni kwamba niliogopa kutoalikwa tena.

Asubuhi tukaenda Husuni Kubwa kwa maji. Upepo ulikuwa umeanza, nikageuza kichwa kuangalia nyuma (usifanye hivyo), kayaki ikapinduka. Jaketi okozi linakuelesha, halikufundishi kutulia. Nilimeza bahari ya kutosha kupikia ugali wa wiki. Kiongozi akaja kwa makafi matatu, akanishika ukosi, akanibwaga juu ya kayaki yake kama gunia. Nikakohoa, nikakohoa. Akaniinamia taratibu:

"Bahari inasema karibu tena."

Akarudi kupiga kafi.

Husuni Kubwa ni jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la mwanzoni mwa karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya 100. Lina bwawa la pembe nane mbele ya bahari. Tukakaa ukingoni mwa bwawa lile, nguo zangu zikichuruzika, nikawaambia wageni alichosema bibi hasa. Wakanyamaza muda mrefu. Yule dada akasema, "Kwa hiyo jana tulilipigia deni makofi?"

Nikasema ndiyo. Akaniuliza kwa nini nilifanya vile. Nikamweleza ya mwaliko wa bure. Siku nzima hakunisemesha, na sikumlaumu.

Jioni wakachanga, wakampa bibi bahasha. Akaisukuma nyuma. "Hawa wameshalipa. Aliyekaa na hela yangu si hawa." Alichotaka ni barua. Basi tukaiandika, kwa Kiingereza, sahihi tano za wageni na ya kwangu ya sita, na kabla hajakubali iende nilimsomea kwa Kiswahili neno kwa neno, yeye akimtazama kiongozi kila nikimaliza sentensi. Kiongozi akawa anaitikia kwa kichwa. Kuhusu Songo Mnara, tulikokwenda kesho yake, nitawaandikia siku nyingine, kunastahili.

Mtauliza kama hayo niliyaweka kwenye makala ya gazetini. Sikuyaweka. Msidhani mhariri aliikata aya hiyo, sikuiandika kabisa.

Juzi nilimpigia bibi simu. Amelipwa 120,000, bado 60,000. Tulipoagana akaniuliza kama nimeshajifunza kuogelea.