Dhahabu Yangu ya Shilingi 350

Wasee, leo sina picha ya hereni mpya. Leo nataka tuongee kuhusu ile sehemu ya tangazo ambayo nyinyi huiruka na sisi wauzaji huiandika mbiombio: kitu kimetengenezwa kwa nini, na kitakufikia vipi. Ni mistari miwili tu. Mimi niliiandika vibaya karibu miaka miwili, na kuna mtu aliumia.

Kwa wageni: mimi naishi Sindo, Suba Kusini, hapa kando ya ziwa. Watu wakisikia Sindo wanafikiria omena, na hawajakosea. Lakini mimi nauza urembo na zawadi. Hereni, cheni, bangili, sahani na vinyago vya mawe ya Kisii, vitu vya pembe, ushanga. Duka langu ni simu, meza ya mama, na katoni mbili chini ya kitanda. Wateja wangu wengi hawajawahi kuniona, na hawajawahi kushika kitu wanachonunua kabla ya kulipa. Wanaona picha na wanasoma maneno yangu, basi. Hiyo point nilichelewa sana kuielewa.

Mwaka jana msichana mmoja wa Migori alinunua kwangu hereni ndogo za duara. Niliandika hivi: "Dhahabu, haichujuki, 350 tu." Jamani, dhahabu ya shilingi 350! Lakini kila mtu mtandaoni anaandika hivyo, nami nikaandika. Baada ya siku tano akanitumia picha. Masikio yamevimba, mekundu, yanatoa maji. Chini ameandika, "Dada, si ulisema ni dhahabu?"

Nitawaambia nilichomjibu, ingawa naona aibu. Nilimjibu, "Labda hukuosha masikio vizuri."

Aliyenifungua macho ni binamu yangu. Yeye huchimba dhahabu Nyatike, upande wa Makalder, huko Migori. Alikuja kututembelea, akaona katoni yangu, akachukua cheni moja akairusha kiganjani mara mbili tatu. Akacheka. "Nyathiwa, hii ni nyepesi." Mtu anayeshika dhahabu kila wiki haulizi swali, mkono wake unajua. Dhahabu tupu ni nzito mara 19 kuliko maji. Brasi, ile shaba iliyochanganywa na zinki, haifiki hata nusu ya huo uzito. Kisha akasema kitu kilichoniuma zaidi: "Sisi tunavunja mgongo na kushika zebaki ndio tupate chembe. Wewe unaandika dhahabu kwa kidole tu."

Zebaki ndiyo wanayotumia kukamata ile chembe kutoka kwenye mchanga uliosagwa. Inashikana na dhahabu, halafu inachomwa kwa moto ili dhahabu ibaki, na ule moshi ni sumu. Hiyo ndiyo bei ya neno "dhahabu" hapa kwetu, mwendo wa gari tu kutoka Sindo. Na mimi nilikuwa nalitumia kama jina la rangi.

Nikampigia yule muuzaji wa jumla ninayenunua kwake Nairobi. Nikamuuliza hizi hereni ni nini hasa. Akasema, "Andika tu dhahabu, watu wanajua ni rangi." Sasa mimi nauliza: watu gani wanajua? Yule msichana wa Migori hakujua. Mimi mwenyewe sikujua!

Nikachukua sumaku ya spika ya redio mbovu, nikapitisha juu ya katoni nzima. Vitu vingine vikaruka na kung'ang'ania sumaku kama kupe. Dhahabu haivutwi na sumaku, fedha haivutwi, brasi haivutwi. Kwa hiyo vile vilivyovutwa vilikuwa chuma kilichopakwa rangi tu. Ila msidhani sumaku ni hakimu wa mwisho. Kitu kisipovutwa bado kinaweza kuwa brasi, au madini yoyote ya bei rahisi yaliyochovywa kwenye maji ya dhahabu, tabaka jembamba ambalo jasho na sabuni zinalimaliza.

Na chini ya lile tabaka mara nyingi kuna nikeli. Nikeli ni mojawapo ya vitu vinavyoongoza kuwaletea watu mzio wa ngozi kwa kugusa tu. Hereni ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inapita ndani ya tundu, kwenye kidonda kibichi. Na mwili ukishaanza kuikataa nikeli, kwa kawaida hausahau maisha yote. Umoja wa Ulaya uliweka sheria tangu 1994 ya kudhibiti nikeli kwenye urembo unaogusa ngozi. Kwa hiyo si siri, na si mambo ya kuosha masikio.

Tofautisheni na ile kijani inayobaki kidoleni ukivaa pete ya brasi. Hiyo ni shaba imekutana na jasho. Unaosha, inatoka. Mafundi wetu wa Nairobi wanayeyusha mabomba na kufuli kuukuu wanatoa bangili za brasi kali sana, na hakuna aibu yoyote kuandika "brasi". Aibu ni kuiita kitu kingine.

Haya, tuje kwenye kusafirisha. Nilidhani ni habari tofauti kabisa, kumbe ni ileile.

Mteja mmoja aliye Marekani aliniomba nimtumie hereni za pembe. Nikaenda posta Homa Bay na kabahasha kangu. Mama wa dirishani akanipa fomu ya forodha. Fomu inauliza: ndani kuna nini, vingapi, uzito gani, thamani gani. Nikaandika kwa ujasiri "hereni za pembe". Akaniangalia juu ya miwani. "Pembe ya nini, binti yangu?"

Wasee, nilikwama. Kwa Kiswahili pembe ni ya ng'ombe, ya mbuzi, na pia ya ndovu. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku 1989, mwaka uleule Rais Moi alichoma tani 12 pale Nairobi. 2016 zikachomwa tani 105 nyingine. Na sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mchezo na mtu anayekutwa nazo. Zangu zilikuwa za ng'ombe, fundi alinionyesha mpaka vipande vilivyobaki. Lakini kwenye tangazo langu nilikuwa nimeandika "pembe asilia" kwa sababu inasikika tamu. Yule mama akasema polepole, "Andika pembe ya ng'ombe. Hiyo karatasi ndiyo itakuongelea huko, wewe hutakuwepo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Karatasi ya mzigo na tangazo langu ni kitu kimoja. Yote mawili yanaongea mahali ambapo mimi sipo.

Sasa niwaambie ukweli wangu wa pili. Niliandika pia "Tunatuma popote Kenya, siku moja." Uongo mtupu. Mzigo wangu unatoka Sindo kwa matatu, unapitia Mbita mpaka Homa Bay, unasubiri basi la usiku, ndio ufike Nairobi asubuhi. Matatu ikikosa abiria, haitoki. Ukiwa Bondo, mzigo unashukia Mbita na kuvuka kwa feri hadi Luanda Kotieno. Ukiwa Turkana, tuombeane. Kwa hali nzuri Nairobi ni siku mbili. Sehemu nyingine ni nne au tano.

Na njiani kuna majirani. Kutoka Sindo, jirani wa mzigo wako ni gunia la omena. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 nilikuwa nafunga kwa gazeti na katoni, na karatasi inakunywa harufu kama sifongo. Bibi harusi mmoja wa Nakuru aliniandikia, "Zawadi ni nzuri sana, lakini mbona inanukia samaki?" Nilicheka, halafu nikalia. Siku hizi naweka kila kitu kwenye mkebe wenye mfuniko kwanza, ndipo katoni.

Mawe ya Kisii nayo yana tabia zake. Yanachongwa Tabaka, na ni laini ndiyo maana kisu kinayaweza. Ulaini huohuo unafanya kingo za sahani zipasuke zikigongana. Ni mazito pia, kwa hiyo nauli ya sahani tatu inaweza kukaribia bei ya sahani yenyewe. Niliwahi kutuma seti ya sahani Eldoret, sikuandika "kitu cha kuvunjika", sikuweka kitu katikati, moja ikafika vipande viwili. Makanga akasema si yeye, mteja akasema si yeye. Na kweli hawakuwa wao. Nilikuwa mimi.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa. Sikujua hilo nilipokuwa naandika "haichujuki". Lakini hata bila Katiba, nilijua nilikuwa naandika nini.

Kwa hiyo sasa matangazo yangu yanasomeka hivi: "Hereni za brasi, ndoano ya chuma cha pua, kama una mzio wa nikeli niulize kwanza. Zitabadilika rangi ukioga nazo. Kutoka Sindo hadi Nairobi siku mbili au tatu, nauli unalipa wewe, kikivunjika njiani nalipa mimi." Si tamu, najua. Mauzo yalishuka, sitawadanganya. Kuna wanaopita kwa jirani mwenye "dhahabu" ya 300. Lakini wanaonunua siku hizi hawarudi na picha za masikio.

Na nyinyi wanunuzi, msituachie. Uliza: hii ni nini ndani, si rangi yake. Pembe ya nini? Inatoka wapi, inapita wapi, ikivunjika nani analipa? Muuzaji akikasirika kwa swali hilo, umeshapata jibu.

Yule msichana wa Migori nilimrudishia pesa yake na ya dawa, na nikamwomba msamaha bila "labda". Alichukua muda kujibu. Mwezi uliopita aliona tangazo langu jipya akaniandikia: "Siku hizi unaandika vizuri." Nikamwambia nina za chuma kisicho na nikeli, nimtumie moja bure.

Akasema, "Asante dada, lakini matundu yalishajifunga."