Sehemu ya 11: Mtoto aliyefiwa asiambiwe "mama amesafiri"



Wiki hii nimepata swali moja kutoka kwa watu wengi, kila mmoja kwa maneno yake: "Nesi, mtoto alifiwa na baba yake mwaka jana. Sasa amekuwa mkorofi, anakojoa kitandani, shuleni ameshuka. Ni mapepo au ni tabia tu?" Nimeona nijibu kwa kirefu, maana kuna utafiti mkubwa uliofanyika hapa hapa kwetu Moshi na kwa jirani zetu Bungoma, Kenya, na wengi wetu hatujawahi kuusikia.

Kwanza tuangalie tunavyoomboleza. Mtu mzima akifiwa analia, anashikwa, anapikiwa, watu wanalala kwake. Mtoto je? Siku hiyo anapelekwa kwa jirani akacheze. Akirudi anakuta turubai limeshushwa, viti vya kukodi vimeondoka, na mama hayupo. Akiuliza anaambiwa "amesafiri", au "Mungu amempenda zaidi". Hebu jiweke kwenye nafasi yake. Kama amesafiri, mbona hapigi simu? Na kama Mungu akimpenda mtu anamchukua, bibi naye atachukuliwa lini?

Kwenye wodi ya watoto nimewahi kumhudumia mtoto wa miaka 9 aliyeletwa kwa maumivu ya tumbo. Ilikuwa mara ya tatu kulazwa. Damu safi, choo safi, mkojo safi, dawa za minyoo alishamaliza. Usiku mmoja nikamuuliza, "Tumbo likianza kuuma unakuwa unafanya nini?" Akanijibu, "Nasubiri gari." Gari gani? "La mama." Bibi yake aliyekuwa amekaa pembeni akainamisha kichwa. Mama wa yule mtoto alikuwa na miezi minane kaburini.

Bibi yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anamkinga mjukuu wake, na yeye mwenyewe alikuwa amemzika binti yake. Tuliomba afisa ustawi wa jamii akae nao, na bibi ndiye aliyemwambia mtoto ukweli kwa mdomo wake. Mtoto alilia sana. Halafu akauliza swali alilokuwa amelibeba muda wote: "Ni kwa sababu nilimkasirisha?"

Mama, lisome tena swali hilo. Mtoto asipoelezwa, anajitungia maelezo yake, na mara nyingi kwenye maelezo hayo mkosaji ni yeye.

Sasa, si kila mtoto aliyefiwa ana kiwewe. Wengi wakipendwa na kuambiwa ukweli wanahuzunika, kisha wanaendelea kukua. Kiwewe ni pale tukio linapokataa kupita. Mtoto anaota ndoto mbaya za kifo kile, anashtuka kwa kitu kidogo, anakwepa kila kinachomkumbusha, hawezi kutulia darasani. Hata kumbukumbu nzuri za marehemu hawezi kuzigusa, maana kila akijaribu inakuja ile picha ya kitanda cha hospitali au ya ajali.

Marekani, wataalamu watatu, Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger, walitengeneza tiba ya mazungumzo kwa ajili ya watoto wa namna hii na walezi wao. Tatizo ni kwamba kule inatolewa na wataalamu waliosomea afya ya akili. Sisi tungewatoa wapi wa kutosha kila kata?

Ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke na Chuo Kikuu cha Washington walipokaa na wenzao wa Moshi na Bungoma. Walianza kidogo, Moshi, na watoto 64, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2014. Baadaye wakafanya utafiti mkubwa wa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, mjini na vijijini, Tanzania na Kenya. Ripoti yake, iliyoongozwa na Shannon Dorsey, ilitoka mwaka 2020 katika jarida la JAMA Psychiatry.

Kinachonifurahisha zaidi ni nani aliyetoa tiba. Si madaktari. Ni watu wa kawaida wa maeneo hayo hayo, wasio na shahada ya saikolojia, waliofundishwa kisha wakaendelea kusimamiwa kazini.

Walifanya nini? Watoto walikutana kwa vikundi mara 12, na walezi wao nao wakawa na kikundi chao. Mtoto alifundishwa kwamba anachohisi kina jina na kwamba hayuko peke yake. Alifundishwa kupumua taratibu mwili ukipandwa na hofu, na kulichunguza wazo kama "ni kosa langu" aone kama lina ukweli. Halafu, akiwa na mshauri peke yake, alisimulia kidogo kidogo siku ile ilivyokuwa, mpaka ikawa habari anayoweza kuibeba. Mlezi naye aliandaliwa kuisikia habari ile bila kumkatisha mtoto wala kumwambia "nyamaza, yameisha". Mwisho walizungumza wanachokikosa kwa marehemu na namna ya kutunza kumbukumbu zake nzuri.

Matokeo nayasema yote, nisiwauzie ndoto. Tiba ilipokwisha, watoto wa vikundi hivyo walikuwa wamepata nafuu zaidi ya waliopata huduma za kawaida katika maeneo matatu kati ya manne: Bungoma mjini, Bungoma vijijini na Moshi mjini. Moshi vijijini tofauti haikuonekana. Mwaka mmoja baadaye, upande wa Kenya tofauti ilikuwa bado ipo. Kwetu Tanzania makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kwa kiasi kinachofanana. Kwa hiyo si uchawi. Ila pale ambapo maisha yalikuwa magumu zaidi, msaada huu ulionekana kubeba uzito zaidi.

Najua kuna atakayesema, "Haya mambo ya kuongea ongea ni ya wazungu." Mwenzangu, mbinu ilitoka huko, sikatai. Hata chanjo na dripu tumezipokea kutoka kwa wengine. Lakini walioketi na watoto ni majirani zetu, wanaozijua lugha na mila zetu. Na kukaa kwa kikundi mkaombolezana, hivi hilo nalo ni la wazungu? Sisi tulikuwa nalo siku zote, ila mtoto tulimwacha nje akicheza.

Basi nyumbani ufanye nini? Mwambie ukweli mapema, kwa maneno mafupi: "Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hawezi kurudi. Si kosa lako. Mimi nipo, na nani atakupikia na kukupeleka shule nitakuambia." Neno "amelala" liache, utamfanya aogope kitanda. Akirudia swali lile lile mara kumi, mjibu mara kumi. Litaje jina la marehemu. Ukilia mbele yake haharibiki, mradi umwambie kwa nini unalia. Kukojoa kitandani usimchape, hafanyi makusudi. Ila umwone daktari pia, maana mtoto mwenye huzuni anaweza kuwa na ugonjwa wa mwili vile vile.

Ndoto mbaya, hofu au kujitenga vikidumu zaidi ya mwezi na vinamzuia kula, kulala au kusoma, mpeleke hospitali, na uliza afisa ustawi wa jamii au kitengo cha afya ya akili. Akisema anataka kufa amfuate mama, usisubiri hata siku moja. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure kupiga, Tanzania na Kenya.

Na wewe unayelea mtoto wa ndugu yako aliyefariki, nawe umefiwa. Sehemu ya 12 ni yako. Niandikie kinachokusumbua, nitajibu bila kutaja jina.