Siri ya Sikio Langu

Wapendwa wanafunzi na wazazi wetu, nimeombwa niandike juu ya adabu za kutumia simu. Nimeona nisianze na makosa ya watoto, bali na fedheha iliyonipata mimi mwenyewe mbele ya darasa.

Jumamosi moja baada ya Adhuhuri niliwawekea wanafunzi wa tajwidi video ya msomaji mmoja, wasikilize herufi thaa inavyotoka baina ya ulimi na meno. Kabla msomaji hajafungua kinywa likatokea tangazo: mzee anatabasamu huku akipachika mashine ya kusaidia kusikia. Nikaliruka. Video ya pili, tangazo lile lile. Mwanafunzi wa mbele akauliza, "Ustadh, hii mashine ya nani?" Nikamjibu kuwa hayo ni matangazo tu, kila mtu huyapata. Wakacheka, nami nikacheka. Lakini usiku wa Jumatano, nyumbani watu wamelala, nilikuwa nimepitia bei za mashine hizo katika maduka matatu ya mtandaoni. Sikio langu la kushoto lilikuwa limeanza kunisaliti, na sikutaka mtu ajue.

Simu ilijuaje? Kila duka unalofungua huacha alama ndogo katika simu yako, na simu nyingi zina namba maalumu ya matangazo. Wafanyabiashara huuziana nafasi za kutangaza kwa kufuata alama hizo. Si lazima wajue jina lako. Wakijua kwamba mwenye simu hii anatafuta mashine ya masikio, inawatosha.

Sisi watu wa Tura tusilione jambo hili kuwa geni. Misafara ya kutoka pwani ikishavuka pori la Mgunda Mkali, hapa ndipo ilipoanzia Unyamwezi. Burton na Speke walipita mwaka 1857. Wapagazi walibeba marobota ya nguo yaliyofungwa barabara, na huko nyuma, Ugogoni, watemi walikuwa wamekwisha kudai hongo. Mwenye msafara hakuwa na haraka ya kufungua robota mbele ya watu, maana aliyeiona mali yako anajua akudai kiasi gani.

Wala si sisi peke yetu. Mwaka 2007 kampuni ya Facebook ilianzisha mpango ulioitwa Beacon: ukinunua kitu katika maduka yaliyoshirikiana nayo, rafiki zako wanapata habari. Mtu mmoja wa Marekani alimnunulia mkewe pete kwa siri, na mke akaisoma habari hiyo kabla hajapewa pete. Watu walishtaki, na mpango ukafungwa mwaka 2009.

Dini yetu ililisema hili zamani. Surat an-Nur, aya ya 27, inatuamuru kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba ya mwenzetu, na Surat al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Kwa hiyo kuficha ununuzi wa halali si unafiki. Ni sitara.

Kijana mmoja fundi simu alinisaidia. Tulifuta historia ya utafutaji, tukazima katika akaunti yale matangazo yanayomfuata mtu, tukafuta na ile namba ya matangazo. Akanionya kuhusu hali fiche, ambayo vijana wengi mnaitegemea. Hiyo humficha mtu kwa mwenzake atakayeishika simu baadaye. Duka na kampuni ya mtandao bado wanakuona, na ukiingia kwa akaunti yako umejitaja mwenyewe.

Nikanunua. Simu niliifunga vizuri, nikasahau kifurushi. Kilikuja kwa basi hadi Tabora mjini, kikahamishiwa gari jingine, na juu ya boksi wameandika kwa kalamu nene jina langu, namba yangu, na MASHINE YA MASIKIO. Kondakta alisoma, bodaboda alisoma, mwenye kibanda alisoma. Kufika Maghrib watu wananipa pole kwa sauti kubwa, karibu na sikio. Mkiagiza kitu, waombeni waandike jina na namba basi. (Msiwaambie waandike "viatu", huo tena ni uongo.) Na mama watoto alikuwa ameuona ujumbe wa malipo siku mbili kabla. Alikaa kimya akidhani nimepeleka mahari mahali.

Hayo yote nayacheka. Lisilonichekesha ni la Jumamosi iliyofuata, nilipokaa darasani na mashine sikioni. Mtoto alisoma, nikasikia sin pale penye thaa. Akasoma wa pili, vile vile. Herufi hizi nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea sikio linapochoka, na mimi kwa miezi nilikuwa nikitikisa kichwa na kusema "ahsanta". Wafanyabiashara hawakuwa na haki ya kujua habari ya sikio langu, wala kondakta. Watoto hawa na wazazi wao walikuwa nayo, kwa sababu walinikabidhi usomaji wao.

Niliwaeleza siku ile ile. Yule aliyeuliza mashine ni ya nani akasema, "Tulijua, Ustadh. Ndiyo maana tulikuwa tunasoma kwa nguvu." Saba niliokwisha kuwapitisha wamerudi kwangu kila Jumatano, wanakaa upande wangu wa kulia, na tumeanza upya na thaa. Matangazo yale yaliendelea kunijia wiki kadhaa, wenyewe hawajui kuwa nimeshanunua.