Lindisfarne: Kisiwa ambacho bahari ndiyo hupanga ratiba

Barabara ya kwenda Lindisfarne hufungwa mara mbili kila siku, na anayeifunga si askari wala geti. Ni bahari. Maji yakijaa, lami hupotea kabisa chini yake na kipande hicho cha pwani ya kaskazini mashariki mwa Uingereza huwa kisiwa. Yakipwa, magari hupita tena katikati ya mchanga uliolowa, mwani ukiwa umetapakaa barabarani. Familia inayotaka mapumziko ya siku mbili huko haina budi kuanza na jambo hilo, kabla hata ya kuulizia chumba.

Kisiwa kiko Northumberland, karibu na mpaka wa Scotland, na wenyeji hukiita Holy Island, yaani Kisiwa Kitakatifu. Wakazi wake ni wachache, kiasi cha watu 150. Kutoka London, treni hufika Berwick-upon-Tweed kwa karibu saa nne, na kutoka hapo kuna teksi na basi. Basi nalo hufuata maji, hivyo ratiba ya leo si ya kesho, na miezi ya baridi si siku zote linapatikana.

Halmashauri ya Northumberland hutoa jedwali la saa salama za kuvuka. Liko kwenye intaneti, na limebandikwa pia mwanzoni mwa barabara. Pamoja na hayo, kila mwaka wapo madereva wanaonaswa. Si kwamba hawajui kusoma. Wanafika wamechelewa kidogo, wanaona lami bado kavu mbele yao, wanasema ni dakika kumi tu. Lakini maji hapa hayaji kwa wimbi la kutisha. Huingia taratibu kwa pembeni, hujaza kwanza mkondo ulio karibu na daraja, na dereva anapogundua, mbele kuna maji na nyuma kuna maji. Injini huzimika. Kwa ajili ya watu hao kimejengwa kibanda cha mbao juu ya nguzo ndefu, chenye ngazi, wanamokaa na watoto wao wakisubiri mashua ya waokoaji wa kujitolea wa RNLI kutoka Seahouses. Watu huokolewa. Gari huachwa likinywa maji ya chumvi.

Watoto hukipenda sana kibanda hicho na wataomba wasimamishiwe gari wakapande. Jibu ni hapana. Wakitazame dirishani.

Mzazi apige picha ya jedwali la siku zote mbili na kuihifadhi kwenye simu, kwa kuwa muda husogea mbele kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Ajiwekee pia akiba ya saa nzima, hasa siku za bamvua maji yanapopanda juu zaidi. Na nyumba ambayo bado huhesabu saa kwa Kiswahili iwe makini: jedwali likisema 14:20, hiyo ni saa nane na dakika 20 mchana. Bibi aliyekaa kiti cha nyuma aelezwe mapema, asije akawaharakisha au kuwachelewesha wote.

Wageni wengi huja na maji kupwa na kuondoka kabla hayajajaa. Wanapita mbio. Anayeweza kulipia malazi ya usiku mmoja afanye hivyo, na aweke nafasi mapema kwa sababu vyumba ni vichache.

Mchana wa kwanza uende kwenye magofu ya monasteri. Mwaka 635 mtawa Aidan alikuja hapa kutoka kisiwa cha Iona kwa mwaliko wa mfalme Oswald. Aidan hakuijua vizuri lugha ya wenyeji, na mwanahistoria Bede ameandika kwamba mfalme mwenyewe ndiye aliyesimama kumtafsiria mahubiri. Watoto wanaowatafsiria wazazi wao dukani au kwa daktari watalielewa hilo upesi kuliko tarehe yoyote. Takriban mwaka 700 na kitu hapa ndipo kilipoandikwa kitabu cha Injili chenye michoro ya ajabu, juu ya ngozi za ndama. Sasa kimehifadhiwa British Library, London, kwa hiyo familia isitegemee kukiona kisiwani. Mwaka 793 walitua Waviking, wakaua na kupora. Mwaka 875 watawa waliobaki wakahama wakiwa wamebeba jeneza la Mtakatifu Cuthbert. Safari hiyo imechongwa kwa mbao na Fenwick Lawson, na sanamu yake iko katika kanisa la St Mary, hatua chache tu kutoka kwenye magofu: watu sita, jeneza mabegani. Magofu yenyewe ni ya jengo la baadaye, la karne ya 12.

Ngome inapendeza zaidi kwa mbali kuliko kwa ndani. Ilijengwa karne ya 16 juu ya mwamba, kwa mawe yaliyotolewa monasteri, na mwanzoni mwa karne ya 20 msanifu Edwin Lutyens akaigeuza kuwa nyumba ya likizo ya Edward Hudson, mwenye jarida la Country Life. Huwa na majira ya kufungwa, kwa hiyo mzazi aulize kwanza. Karibu na ngome yapo mashua ya zamani ya uvuvi yaliyopinduliwa fudifudi na kuwekewa milango, yakawa maghala. Hapo watoto hawabanduki.

Kisha huja jioni. Magari ya wageni huondoka moja baada ya jingine, maji hufunika barabara, na kijiji kizima hunyamaza. Ndipo huanza kusikika sauti kama ya watu wanaoomboleza mbali. Ni sili, wanyama wa baharini wenye nyuso kama za mbwa, wamejilaza kwenye fungu la mchanga ng’ambo ya maji. Mtoto mdogo anaweza kuogopa, basi aonyeshwe kwa darubini. Mwezi Juni jua huzama karibu saa nne usiku, na kumlaza mtu kabla ya hapo ni kazi bure.

Asubuhi, maji yakiwa chini, kuna shanga za Cuddy za kutafuta ufukweni: vipande vidogo vya mawe vya mviringo, vingine vina tundu katikati. Ni mabaki ya viumbe wa bahari walioishi zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, na zamani watu waliyatunga kama rozari. Kisiwa kidogo cha Mtakatifu Cuthbert, mbele tu ya kijiji, nacho huendewa kwa miguu, lakini nacho hufungwa na maji. Njia ya mahujaji, ile yenye nguzo ndefu kuvuka mchanga na tope, ni ya karibu kilomita 5, na si ya mtoto anayebebwa mgongoni.

Chakula cha mchana, sandwichi ya kaa yatosha. Kinywaji cha asali kinachouzwa kijijini kina kilevi, jina lisimdanganye mtu. Makoti ni lazima, hata Julai, maana upepo hauna adabu.

Kabla ya kuingia garini, soksi zikaguliwe. Kwenye matuta ya mchanga kuna mmea uitwao pirri-pirri, wenye mbegu za miiba zinazong’ang’ania nguo na manyoya ya mbwa. Hauhusiani na pilipili. Asili yake ni New Zealand, jina ni la Kimaori, na wageni huombwa wasiubebe kwenda nao bara. Mbegu zing’olewe moja moja, zitiwe kwenye mfuko. Kazi hiyo huchukua dakika 15 kwa mtoto mmoja, na dakika hizo zihesabiwe kwenye ile saa ya akiba.