Kodi ya Nyumba: Nani Abebe Mzigo?



Mimi ni karani wa parokia. Naandika vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya maziko, na pia daftari la michango. Kitabu cha ubatizo hakijaniletea ugomvi hata siku moja. Daftari la michango ndilo lenye maneno. Mmoja hunong'ona kwamba ameandikiwa kingi, mwingine hulalamika kwamba jirani yake ameandikiwa kidogo. Kwa hiyo kila nisomapo habari za kodi, hata zikiwa za nchi ya mbali, nazisoma kama mtu asomaye barua ya nyumbani.

Leo nataka kuwasimulia jambo la California, jimbo la Marekani, ambako watu wamebishana juu ya kodi ya nyumba tangu mwaka 1978. Nami nitasema upande nilioko, maana jambo lenyewe lanigusa kwa ajili ya mama yangu mzazi.

Huko, fedha za shule, za zimamoto na za kazi nyingine za mitaa zilitoka kwa wingi katika kodi ya nyumba na viwanja. Mthamini huiandika nyumba thamani yake, kisha kodi hukatwa kwa kadiri ya thamani hiyo. Zamani wathamini wengi waliziandika nyumba za kukaa chini ya bei ya soko. Kisha rushwa ikafichuka katika ofisi ya uthamini ya San Francisco, na mwaka 1966 ikatungwa sheria kwamba mali zote zithaminiwe kwa kipimo kimoja, yaani robo ya bei ya soko. Nani angekataa sheria kama hiyo? Lakini miaka ya 1970 bei za nyumba zikapanda kama moto wa nyika, na kodi ikapanda pamoja nazo. Mzee aliyestaafu, mwenye pensheni ile ile, akaletewa hati ya kodi asiyoweza kuilipa. Nyumba yake haikuongezeka hata chumba kimoja, wala mfuko wake haukuongezeka hata senti moja. Kilichoongezeka ni bei waliyokuwa tayari kuitoa watu wengine.

Basi, tarehe 6 Juni 1978, wananchi walipiga kura juu ya Pendekezo la 13, ambalo viongozi wake walikuwa Howard Jarvis na Paul Gann. Karibu theluthi mbili ya wapiga kura walilikubali. Lilisema hivi: kodi isizidi asilimia 1 ya thamani iliyoandikwa, mbali na madeni yaliyokwisha kupitishwa na wapiga kura, thamani yenyewe irudishwe mahali ilipokuwa mwaka 1975, na tangu hapo isipandishwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka, mpaka nyumba itakapouzwa. Ikiuzwa, huandikwa upya kwa bei ya siku hiyo.

Wazee wakapumua. Hilo ni jema, wala nisingependa mtu alidharau. Lakini tufanye hesabu kidogo, kama nilivyofundishwa chuo cha ualimu.

Tuseme nyumba iliandikwa dola 50,000 mwaka 1975. Ikipanda asilimia 2 kila mwaka, baada ya miaka 45 itakuwa imeandikwa kama dola 122,000, na kodi yake ni kama dola 1,220. Mwaka huo huo kijana mwenye watoto wadogo anunua nyumba ya jirani, iliyo sawa nayo kwa vyumba na kwa uwanja, kwa dola 800,000. Yeye atalipa dola 8,000. Barabara ni moja, taka zachukuliwa na gari moja, na moto ukitokea watakuja wazimamoto wale wale.

Mambo hayo si ya hesabu za ubaoni tu. Bibi mmoja, Stephanie Nordlinger, alinunua nyumba Los Angeles mwaka 1988 kwa dola 170,000. Akaona kwamba kodi yake ni kama dola 1,700, na baadhi ya majirani wenye nyumba kama yake, walionunua zamani, walipa chini ya dola 400. Akaenda mahakamani. Shauri lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo mwaka 1992 ikaamua kwamba sheria ile haivunji katiba. Majaji wanane walikubali, mmoja, John Paul Stevens, akakataa.

Na si wazee tu waliopata kinga. Maduka makubwa, viwanda na majumba ya ofisi nayo yalikingwa. Mtu hufa au huhama, na nyumba yake huuzwa. Lakini kampuni yaweza kukaa na kiwanja chake miaka mingi bila kuuza. Mwaka 2020 lilipelekwa kwa wananchi pendekezo kwamba mali kubwa za biashara zithaminiwe kwa bei ya soko. Wakalikataa kwa kura chache. Warithi nao walipewa sehemu yao mwaka 1986: mtoto akirithi nyumba ya wazazi, alirithi na kodi yao ya zamani, hata kama haishi humo bali aipangisha kwa fedha nyingi. Jambo hilo lilipunguzwa mwaka 2020, ikatakiwa mrithi aishi humo mwenyewe.

Fedha za mitaa nazo zilipungua. Mapato ya kodi hiyo yalishuka zaidi ya nusu kwa mara moja, na serikali ya jimbo ikalazimika kuzisaidia shule na mitaa. Baadaye miji ikatafuta fedha kwa njia nyingine, kama ada na kodi ya mauzo, ambayo maskini naye huilipa dukani. Mzigo ukiteremshwa kichwani pa mmoja haupotei njiani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na anayebeba mzigo ulioshushwa na mwingine mara nyingi hajui ulitoka kwa nani.

Sasa nije kwa mama yangu. Ni mjane. Anakaa katika nyumba aliyoijenga marehemu baba pembeni mwa mji mdogo, zamani kukiwa na mihogo pande zote. Siku hizi lami yapita mlangoni na maduka yameizunguka. Kiwanja chake kina bei kubwa, lakini yeye ala mchicha wake na kuuza unaobaki. Nilipomweleza habari za kuthamini nyumba kwa bei ya soko, aliniambia, "Mwanangu, wakija kuipima kwa bei ya leo nitalipa kwa nini? Nibomoe ukuta mmoja nikauuze?"

Swali hilo lina nguvu, na sheria ya kodi isiyoweza kulijibu si sheria njema.

Hapa Tanzania tumefuata njia nyingine. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa pamoja na umeme: kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa, mwaka 2023 ikawa shilingi 1,500 na 7,500. Mama huilipa bila kulia. Lakini tazama: nyumba yake ya vyumba vitatu na jumba la tajiri lisilo na ghorofa, lenye vyumba kumi na ua wa maua, hulipa sawasawa. Mama amekingwa kwa kuwa kiasi ni kidogo, si kwa kuwa kipimo ni cha haki. Siku kiasi kitakapokuwa kikubwa, kinga hiyo itakwisha.

Je, tufanyeje basi? Kwa maoni yangu kosa la California lilikuwa kuikinga nyumba badala ya kumkinga mtu. Njia za kumkinga mtu zipo. Jimbo la Wisconsin lilianza mwaka 1964 kuwapunguzia kodi wazee wenye mapato madogo, kwa kupima kodi ya mtu na pato lake. California yenyewe ina mpango wa kumruhusu mwenye miaka 62 au zaidi, mwenye pato dogo, aahirishe kodi. Deni huandikwa juu ya nyumba, na hulipwa pamoja na riba nyumba ikiuzwa au mwenyewe akiaga dunia. Nilipomwambia mama habari hiyo, alifikiri kidogo akasema, "Hivyo nitakufa nyumbani kwangu, nanyi mtakaogawana ndio mtakaolipa." Naam, mimi ni mmoja wa hao watakaogawana. Sikufurahi sana, lakini sikupata neno la kumjibu, maana ni haki tupu.

Wazazi wenzangu, iko siku mtaitwa mkutanoni, iwe wa mtaa, wa shule au wa parokia, kuamua nani achangie nini. Ulizeni maneno matatu. Kwanza, walio sawa walipa sawa, au wa kwanza kufika amepata nafuu juu ya aliyefika jana? Pili, asiye na fedha mkononi ameachiwa njia ya kulipa bila kupoteza paa lake? Tatu, tukimpunguzia huyu, ni nani ataongezewa, naye yumo mkutanoni apate kusema? Likikosa jibu hata moja, msipige makofi bado. Mwambieni karani aandike kwamba shauri halijaisha.